Fundi, kompyuta haiwaki: kutoka Hazina mpaka Itungi

Wadau, kila nikisoma jambo lolote kuhusu historia ya kompyuta nchini kwetu nakutana na mwaka 1974. Mwaka huo serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na sisi vijana wa mjini tumezoea kuisimulia habari hiyo kama kichekesho: eti wazee waliogopa mashine, eti walidhani kompyuta itakula kazi za watu. Tunacheka, tunaendelea na mambo yetu. Mimi nadhani tunacheka mahali pasipochekesha. Ukiitazama habari ile kwa jicho la fundi, yule anayepigiwa simu saa mbili usiku kwa sababu "kompyuta haiwaki", inageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Tuanze mwanzo. Kompyuta ya kwanza ya nchi hii ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, ya kampuni ya Kiingereza iliyoitwa International Computers and Tabulators, ingawa kwa asili ilikuwa mashine ya RCA ya Marekani ambayo Waingereza waliibandika jina lao na kuiuza. Usiifikirie kama hiyo uliyonayo mezani. Ile ilikuwa ya kujaza chumba. Haikuwa na kipanya. Taarifa ziliingia kwa kadi ngumu za karatasi zilizotobolewa matundu. Na jambo kubwa kuliko yote: mashine za aina ile zilikuja na watu wake. Ikigoma, mwenye nayo hakuigusa. Mhandisi wa kampuni ndiye aliyefungua kabati, akasoma taa, akabadilisha kipande, akafunga. Wewe ulilipa tu.

Mwaka 1968 ICT iliungana na English Electric Computers ikawa ICL, na Hazina ikahamia kwenye mashine za ICL za mfululizo wa 1900. Huko ndiko mambo yalikoharibika. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ilikwama vibaya, ikala fedha nyingi, na walioielewa walikuwa wageni wa mikataba. Wakati huohuo fedha za kigeni zilikuwa zinakauka: mafuta yalipanda bei mwaka 1973, ukame ukailazimisha nchi kununua chakula nje. Ndipo ikaja amri ya 1974. Televisheni ikatiwa kapu moja na kompyuta, na ndiyo maana Bara tulikaa bila kituo cha televisheni mpaka 1994, wakati ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970.

Sasa tazama vizuri ni nini kilichokufa pale Hazina. Chuma hakikufa. Fundi mzuri akiitwa, kabla hajashika bisibisi anajiuliza maswali matatu: tatizo liko kwenye chuma, kwenye programu, au kwenye mtu? Pale Hazina tatizo lilikuwa kwa mtu, kwa maana kwamba hapakuwa na watu wetu wa kutosha waliojua mashine ile inavyofikiri, hivyo haikuwezekana hata kujua nani anasema kweli, muuzaji au mnunuzi. Serikali ikapata ugonjwa wa swali la tatu, ikautibu kwa dawa ya swali la kwanza: ikazuia chuma. Huo ni mtazamo wangu, na wapo watakaosema nchi maskini yenye njaa haikuwa na njia nyingine. Wana hoja. Hata hivyo marufuku haikufunga mlango wote. Taasisi iliyotaka kompyuta iliomba kibali, ikajieleza, na baadhi walipata. Lakini mtu wa kawaida, fundi wa mtaani, kijana wa sekondari anayependa kuchokonoa vitu? Huyo alisubiri karibu miaka ishirini.

Katika miaka hiyo ishirini hatukukaa bila mafundi. Tulikuwa na mafundi redio waliotibu National na Philips kwa bando moja la risasi na pasi ya kulehemu iliyopashwa kwenye jiko la mkaa. Tulikuwa na mafundi taipureta na mafundi saa. Nawataja kwa sababu tutakutana nao tena mbele.

Mlango ulipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hasa serikali ilipoondoa kodi na ushuru kwenye kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2000, haikuingia kompyuta mpya. Uliingia mtumba. Ofisi za Ulaya na Marekani zilikuwa zinabadilisha mashine kwa mkumbo, nyingine kwa hofu ya mwaka 2000, na zile kuukuu zikapakiwa kwenye makontena. Ndiyo maana historia ya kompyuta kwa wengi wetu ni historia ya kompyuta mgonjwa. Kizazi changu kiliijua kompyuta ikiwa tayari na kikohozi.

Nikirudi kwetu. Kwa msiopajua, Itungi ni bandari ya ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, kilomita chache kutoka Kyela mjini. Ni nchi tambarare ya mpunga na kakao, baiskeli nyingi kuliko magari, mvua za kunyesha mpaka vyura wanachoka, na upande wa mashariki milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Kwa miaka mingi MV Songea na MV Iringa zilikuwa zinaondoka hapo kwenda Lupingu, Manda, Liuli mpaka Mbamba Bay, huku mchanga wa mito ukiijaza bandari.

Kuna jambo moja kuhusu ziwa hili ambalo mtu wa Dar hawezi kulifikiria. Meli kubwa haiwezi kuingia wala kutoka. Maji ya Nyasa yanatoka kwa mto Shire, na Shire ina maporomoko. Kwa hiyo kila meli kubwa iliyowahi kuelea humu ama ililetwa vipande vipande ikaungwa, ama ilijengwa ufukweni. Wajerumani walileta Hermann von Wissmann kwa mtindo huo miaka ya 1890. Agosti 1914 Waingereza wakaikuta imepandishwa nchi kavu kule Sphinxhafen, ambako leo ni Liuli, ikifanyiwa matengenezo. Nahodha wake hata habari kwamba vita vimeanza hakuwa nayo. Meli ya Kiingereza, Guendolen, ilipiga mizinga, kisha wakang'oa vipande muhimu vya injini wakaondoka navyo. Huo ndio uharibifu wa kitaalamu! Zaidi ya miaka mia moja baadaye MV Mbeya II ikajengwa palepale Itungi, ikaanza safari mwaka 2021. Meli ikiharibika humu, huwezi kuirudisha kiwandani. Utaitibu hapahapa kwa ulichonacho, au itaozea mchangani.

Kompyuta iliyofika Itungi ilikuwa vilevile. Fundi "mkubwa" alikuwa Mbeya, zaidi ya kilomita mia moja, unapanda milima ya Tukuyu na baridi yake mpaka Uyole, umepakata si-pi-yu mapajani kama mtoto, umeifunika khanga isipate vumbi. Nauli ya kwenda na kurudi, mara mbili kwa sababu fundi atakuambia "njoo Ijumaa". Watu wakaona heri wajifunze wenyewe. Na magonjwa ya huku yalikuwa na tabia zake.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa siku ya kwanza kabisa. Nyuma ya paua saplai za zamani kuna kitufe kidogo chekundu chenye namba mbili, 115 na 230. Mashine iliyotoka ofisi ya Marekani ilikuja kitufe kikiwa kwenye 115, kwa sababu umeme wao ni wa volti hizo. Wetu ni 230. Kitufe kikiwa 115, paua saplai inajiandaa kuuzidisha umeme mara mbili. Ukiichomeka kwenye umeme wa TANESCO unasikia mlipuko, unaona moshi, unanusa harufu ambayo ukishaijua huisahau. Mzigo umekuja kwa meli kutoka ng'ambo, ukasafiri kwa lori mpaka Kyela, ukafa ndani ya sekunde moja kwa ajili ya kitufe ambacho kingesogezwa kwa ncha ya kalamu. Waliopona somo hilo walilifundisha kwa sauti kubwa: kabla hujachomeka, geuza nyuma, tazama kitufe.

Wa pili ni wa unyevu. Unawasha, feni zinazunguka, kioo cheusi, halafu mlio mrefu unaojirudia. Watu walidhani mashine inalia kwa sababu inakufa. Kumbe inaongea. Tangu IBM walipotoa kompyuta yao ya mezani mwaka 1981, mashine hizi zinajipima zenyewe kila zinapowashwa, na kwa kuwa kioo kinaweza kuwa ndicho kibovu, zinatoa majibu kwa mlio. Kwenye nyingi, mlio mmoja mfupi maana yake mimi mzima. Mrefu wa kujirudia, mara nyingi, maana yake sioni kumbukumbu, yaani ramu. Kwa hewa ya Kyela, yenye maji muda wote, vile vijino vya shaba na dhahabu vya ramu vinafanya utando. Tiba? Kifutio cha penseli. Unaichomoa ramu, unasugua vijino taratibu kwa kifutio cha mtoto wa shule, unapuliza, unarudisha mpaka usikie "ta!" pande zote mbili. Inawaka. Nimeona mtu mzima akipiga makofi.

Wa tatu ulikuwa wa dunia nzima, na sisi tukaupokea kama tulivyopokea mengine. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, viwanda vingi vilitumia kapasita zenye maji mabovu ndani. Kapasita ni vile vipipa vidogo vilivyosimama juu ya madabodi. Vikaanza kuvimba kichwa na kuvuja. Kompyuta inaganda bila sababu, inajizima, inawaka kwa shida asubuhi, halafu siku moja basi. Dell walitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya kurekebisha mashine zao, zikiwemo OptiPlex GX270 na GX280. Mwenye ofisi Ulaya alibadilishiwa au aliitupa. Sasa mashine iliyotupwa inakwenda wapi, wadau?

Hapa ndipo nilipowaahidi mafundi redio. Kijana aliyesoma kozi ya miezi mitatu ya kompyuta mjini, akiwa na cheti kwenye fremu, alitazama madabodi ile akasema imekufa, nunua nyingine. Mzee fundi redio, ambaye kompyuta hakuwahi kuimiliki, alitazama akasema: hivi vimevimba. Kapasita ni kapasita. Yeye alikuwa akizibadilisha kwenye redio tangu enzi za vita vya Kagera. Akatafuta zenye namba zinazolingana kutoka kwenye bodi nyingine iliyokufa, akalehemu, mashine ikapona. Kwa hiyo ile miaka ishirini haikuwa tupu kabisa. Ujuzi ulikuwa umelala kwenye vibanda vya redio ukisubiri.

Radi siisemi sana, kila mtu wa Kyela anaijua. Wingu likianza kunguruma upande wa Livingstone, mwenye akili anachomoa waya ukutani. Stebilaiza ya elfu ishirini haiwezi kushindana na mbingu. Mgao wa umeme wa 2006 na ule wa 2011 ulitesa kwa namna nyingine. Umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, faili la kuwashia Windows linaharibika, kesho yake unakuta kioo cheusi na maneno "NTLDR is missing". Mijusi nayo ilipenda joto la paua saplai. Ikiingia, hukausha maji yake humo pamoja na mashine yako.

Kwenye programu hadithi ni nyingine. Virusi kilichotisha dunia kilikuwa CIH, kilichoandikwa mwaka 1998 na mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau. Kilikaa kimya kikingoja tarehe 26 Aprili, kisha kikafuta diski na kwenye baadhi ya mashine kikaharibu hata ile programu ya kuwashia iliyo kwenye madabodi. Aprili 26, 1999 kiliumiza watu wengi, hasa Korea Kusini na Uturuki. Sasa kumbuka tarehe hiyo kwetu ni nini. Sikukuu ya Muungano, tena mwaka ule iliangukia Jumatatu. Asiyewasha kompyuta siku hiyo hakuguswa. Muungano wetu una kero zake, lakini nadhani hapo tumpe maksi zake.

Baadaye zikaja flashi, na kila flashi ikawa mbu wa malaria. Unachomeka steshenari kuprinti barua, unaondoka na virusi, unavipeleka shuleni, vinarudi kanisani na ratiba ya kwaya. Mafaili "yamepotea". Mara nyingi hayajapotea. Virusi vimeyaficha na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake. Anayejua anafungua kile kidirisha cheusi, anaandika amri ya attrib yenye alama zake, mafaili yote yanarudi kama watu waliotoka mafichoni. Asiyejua anatoa tiba ya jumla: anapiga Windows.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo penye kidonda. Kupiga Windows imekuwa panadol yetu. Kompyuta nzito? Piga Windows. Printa haitoi? Piga Windows. Haina sauti? Piga. Fundi anafuta diski C yote na kuanza upya, nusu saa tu, analipwa, mashine inakimbia kama swala. Lakini watu wengi huhifadhi kazi zao mezani pa Windows au kwenye My Documents, na vyote hivyo viko C. Mafundi makini waligawa diski vipande viwili na kumwambia mteja: mambo yako weka D. Wengine walilipua tu. Siwezi kuhesabu ni mambo mangapi yamefutwa nchi hii kwa njia hiyo, na mengi wenyewe hawakujua yamefutwa mpaka walipoyahitaji.

Lugha nayo ilichangia. Mashine ikiumwa ilijieleza kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mkato. Mafundi wengi niliowajua hawakusoma ujumbe, waliutambua kama mtu anavyotambua sura. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Muda mfupi baadaye Microsoft nao wakatoa sura ya Kiswahili ya Windows XP. Nilifurahi kama wengi. Lakini wakati wasomi wakibishana kama kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi, mtaani msamiati wa matibabu ulikuwa umeshaiva: imestaki, imeganda, imekula virusi, haisomi, inajizima, imeungua. Ungemwambia fundi hayo maneno sita angejua aanzie wapi. Natamani mtu angeyakusanya mapema.

Nimesema kuna vitu watu hawakujua vimefutwa. Nifafanue kwa habari ya Itungi.

Steshenari kwetu si duka la kalamu. Ni mahali pa kuchapa. Ukitaka barua ya kuomba kazi, mkataba wa kukodisha shamba, katiba ya kikundi, bajeti ya harusi, wasifu wa marehemu wa kusomwa msibani, unakwenda kwa mama mwenye kompyuta, unamsomea, anachapa. Unalipa kwa ukurasa. Karatasi unaondoka nayo, faili linabaki. Mwaka baada ya mwaka mashine ile moja inakuwa na kumbukumbu za eneo zima, na hakuna aliyepanga iwe hivyo. Nyaraka za serikali zina makavazi Dar. Nyaraka za wavuvi wa Itungi zilikuwa kwenye Pentium 4 chini ya meza, karibu na ndoo ya maji.

Miaka michache iliyopita niliombwa msaada na mjane mmoja. Mume wake alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha wavuvi, na yeye mwenyewe anasema aliandikishwa siku ileile kama mwanachama kwa jina lake. Mume alipofariki, wenzake wakamwambia hakuwa mwanachama, alikuwa mke wa mwanachama, kwa hiyo kwenye mashine ya boti na fedha za kikundi hana chake. Karatasi ya waanzilishi ililowa na kuoza nyumba zilipoingiwa na maji. Kilichobaki ni kumbukumbu kwamba ilichapwa steshenari.

"Shikamoo mama," nikamwambia mwenye steshenari.

"Marahaba baba. Hiyo mashine ilishakufa zamani, wewe unataka kuifufua kama Lazaro?"

Haikuwa na haja ya kufufuka. Nilikwenda na fundi anayejua kazi. Paua saplai imekufa, madabodi ina kutu, kapasita tatu zimevimba. Vyote hivyo havikutuhusu. Kompyuta kufa si diski kufa, na jambo hili ningependa kila mtu mwenye mashine mbovu stoo alijue. Tukaichomoa diski, ile ya waya mpana wa zamani, fundi akasogeza jampa yake iwe ya pili na si ya kwanza, akaiunga kwenye mashine nyingine ya umri uleule. Ikagugumia. Ikasoma! Mpaka leo nausikia ule mlio.

Mafaili zaidi ya elfu mbili. Mikataba, barua za mapenzi (tulifunga haraka), wasifu wa watu ambao wengine nilihudhuria maziko yao. Na orodha ya waanzilishi wa kikundi ilikuwepo, jina la mama yule likiwa la saba, na namba yake ya simu pembeni.

Tatizo likawa tarehe. Faili lilionyesha limeandikwa tarehe 1 Januari 2002, saa sita na dakika chache usiku. Wapinzani wakarukia hapo: kikundi kilianza 2008, hilo faili ni la uongo, nani alichapa karatasi usiku wa mwaka mpya? Sasa, ndani ya kila kompyuta ya zamani kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, volti tatu, inayoiweka saa hai mashine ikizimwa. Betri ikifa, kila unapowasha saa inarudi tarehe ya kiwandani, mashine inalalamika, unabonyeza F1 unaendelea. Bei ya betri ile ni ya soda mbili tatu, lakini kama kazi inaendelea nani atainunua? Kwenye diski ile kulikuwa na mamia ya mafaili ya "1 Januari 2002". Wasifu wa marehemu wa 2010 nao ulisema 2002. Kwa mtu anayeandika historia hili ni jambo la kutisha kidogo: siku moja watafiti watakuta miaka kadhaa ya maisha ya mji imechapwa usiku mmoja.

Basi tukaiacha saa ya mashine, tukasoma karatasi yenyewe. Namba ya simu ya mwanachama wa pili ilianza na 0754. Mwaka 2002 hakukuwa na namba ya namna hiyo. Wateja wa Vodacom walikuwa 0744, na namba zilibadilishwa katikati ya miaka ya 2000. Halafu chini kabisa, mtunza hazina ameandika kwamba michango itumwe kwa namba yake ya Zain. Celtel ilianza kuitwa Zain mwaka 2008, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Mtu hawezi kuandika Zain mwaka 2002, na ni vigumu akaandika Zain baada ya jina kufutika mitaani. Orodha ile iliandikwa ndani ya dirisha la miaka miwili, na kikundi chenyewe kilianza humohumo.

Kikao kikakaa, wazee wakaisoma, wakabishana kuhusu Zain kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kila mtu akikumbuka laini yake ya kwanza. Mwisho wakakubali kwamba jina ni lake. Kuhusu fedha za mashine ya boti, mpaka naandika bado wanavutana.

Diski ile tuliinakili mara mbili, nakala moja akabaki nayo mwenye steshenari kwenye kopo la biskuti lenye mchele mkavu ndani kuzuia unyevu, ushauri wa fundi. Mafaili ya watu hatukuyasambaza. Ni ya wenyewe. Lakini tangu hapo nimezunguka Kyela mjini na Ipinda nikiuliza steshenari za zamani mashine zao za kwanza ziko wapi. Majibu ni matatu: iliuzwa chuma chakavu, ilipigwa Windows, au "ipo nyuma huko, sijui kama ni nzima". Hili la tatu ndilo linalonitoa nyumbani Jumamosi. Windows XP iliachwa na wenyewe Aprili 2014, Windows 10 nayo Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizoko huku haziwezi kupokea Windows 11, kwa hiyo wimbi jingine la kutupa limeshaanza. Wiki iliyopita nimeelekezwa kwa mzee mmoja karibu na bandari aliyekuwa akichapa orodha za abiria na mizigo. Anasema mashine yake inapiga mlio mrefu unaojirudia. Nimenunua kifutio.